Kwa Fundi Saa

4 Machi

Mdogo wangu Mwalimu,

Mwambie mama dawa ya macho inakuja na lori la Ijumaa, chupa mbili, na ya pili ni ya akiba, asimgawie mtu. Yanayofuata si ya kumsomea, kwa hiyo ukifika hapa shusha sauti.

Jana nimeletewa bahasha ya Ofisi ya Ardhi hapa karakanani. Nilikuwa nahesabu matofali ya mteja, nikapotea nikiwa mia tisa, na wewe unajua mimi hesabu hainipotei. Ofisi inasema kwamba katika uandikishaji mpya wa mashamba ya huko nyumbani, shamba namba kumi na saba, liitwalo Kwa Fundi Saa, ekari nne na robo, limeombwa na familia ya marehemu Fundi Saa. Sisi tumewekwa mstari wa mwisho kabisa, "wanaolitumia kwa sasa".

Kwa sasa. Baba kalima pale miaka thelathini na moja mpaka tunamzika, mama akaongeza ishirini na moja. Hamsini na miwili. Hiyo ndiyo "kwa sasa" yao.

Mwombaji ni yule Wakala wa bima, mjukuu wa Fundi Saa, mwenye viatu vya ncha. Baba yake, mzee Seremala, jina lake halipo kwenye ombi. Anaishi ua wa pili kutoka kwetu, kila siku anapita mbele ya mlango wa mama, hakusema neno? Nawe je? Unafundisha huko, unaongoza kwaya, unakusanya habari za kale za kila kichuguu, ikawaje bahasha inifikie mimi niliye umbali wa saa saba?

Nijibu kwa karatasi. Usinipigie simu. Simu haiwekwi kwenye faili. Nataka kujua mambo matatu: Wakala ana ushahidi gani, nani bado yuko hai aliyeona shamba lile likifunguliwa, na siku ya kusikilizwa ni lini.

Dada yako

*

9 Machi

Dada, shikamoo.

Dawa imefika. Chupa ya akiba mama kampa jirani.

Nilijua kuhusu ombi tangu Januari. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani litajifia lenyewe, na kwa sababu nyingine utakayoiona hapa chini. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Ushahidi wa Wakala ni kijitabu changu.

Kilekile, Majina Yetu na Yalikotoka. Majina arobaini na matatu, miaka sita ya kuwafuata wazee mpaka vyooni. Ofisi haina kumbukumbu nyingine ya maandishi kuhusu huku kwetu, kwa hiyo makarani wao wanatembea nacho mfukoni. Wakifika Tuliposhushwa wanasoma kwamba ndipo lori lilipoziteremsha zile kaya kumi na mbili baada ya mto kuhama na kuchukua kijiji cha zamani. Wakifika Mtaro wa Mabishano wanasoma nani aligombana na nani. Na wakifika ukurasa wa tisa wanasoma: "Kwa Fundi Saa. Ni mahali pa Fundi Saa, aliyetengeneza saa ya kwanza huku kwetu." Basi.

Unajua vizuri kama mimi jina lile lilitokea wapi. Zile kaya kumi na mbili hakuna aliyekubali kupiga jembe la kwanza kwenye kipande chake. Walikuwa wameshushwa porini kama mizigo, na waliona anayejifungulia shamba peke yake atabaki peke yake. Kila mmoja alimwita mwenzake ampigie, na shamba likachukua jina la huyo mwenzake. Fundi Saa alimpigia baba. Baba alimpigia yule msuka mikeka, ndiyo maana shamba la msuka mikeka likaitwa Kwa Mrefu, kwa lile jina la utani la baba, mpaka lilipouzwa. Na Fundi Saa mwenyewe alipigiwa na mkunga, ndiyo maana wao wanalima Kwa Mkunga. Mashamba kumi na mawili, na hakuna hata moja lenye jina la mwenyewe.

Na ukimuuliza mwenye shamba, alitaja jina la mwenzake. Mwenzake akiwepo alijibu, "Mimi nilipiga jembe moja tu, mkulima ni huyu." Ilikuwa aibu mtu kusema "hapa ni pangu" mbele ya aliyemfungulia. Nilijua siku ya kuzindua kijitabu Seremala atakaa mstari wa mbele. Ningeandika nini? Niliandika kama mama angesema.

Desturi yenyewe niliieleza kwenye utangulizi, kurasa mbili nzima. Utangulizi ule haupo kwenye kijitabu. Dada, unajua kwa nini haupo.

Waliobaki hai walioona ni wawili. Mama, na Seremala, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne na alimbebea baba yake maji. Kusikilizwa ni tarehe 28, shuleni, kwenye darasa langu.

Mdogo wako

*

14 Machi

Mwalimu,

Nimesoma mpaka mwisho. Matusi nimeyatumia hapa karakanani, hayakubaki ya kukutumia.

Nilipokuchapishia kijitabu, kurasa zako zilikuwa ishirini na sita, na ishirini na sita hazikunjiki. Karatasi moja ukiikunja inatoa kurasa nne, kwa hiyo ni ishirini na nne au ishirini na nane, na ishirini na nane ingeacha mbili tupu mwishoni kama kitabu kilichokosa maneno. Karani wangu akaniuliza tutoe nini. Nikamwambia toa yale maneno mengi ya mwanzo, watu wanataka majina. Ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani ni hotuba zako zile za shukrani. Sikuusoma. Na nakala ya kwanza kabisa niliipeleka mimi mwenyewe Ofisi ya Ardhi, nikamwambia karani wao, kwa kifua mbele, hii kaandika mdogo wangu.

Nimetafuta ule mwandiko wako. Karani wangu alifungia nao sampuli za vigae. Nimeuliza ofisini kama unaweza kuuandika upya. Wamesema maandishi yaliyofanywa baada ya mgogoro kuanza hayahesabiki. Nimewapa orodha ya misimu mia moja na minne, miwili kila mwaka. Wamesema kulima si kumiliki, watu wengi hulima mashamba ya kuazimwa, na Wakala anadai babu yake alimwazima baba. Nimechora ramani, hatua mia moja na themanini kwa tisini na tano, mitaro yote sita aliyochimba baba. Wameisifu.

Basi kilichobaki ni kinywa cha mama. Umwandae. Ana miaka themanini na mmoja lakini akili yake haijapungua hata punje. Mashahidi wataulizwa maswali kwa zamu. Ajibu maneno matatu tu: shamba ni letu. Mfanyishe mazoezi kila jioni kama watoto wako wa darasa la kwanza. Na umwendee Seremala. Sikwambii umwombe. Muulize tu anakumbuka nini, kisha umwangalie machoni.

Mimi siwezi kuja. Nina zege la watu siku hiyo, nikiliacha linakauka ndani ya mashine. Hii si sababu ya kujivunia, nakwambia tu ilivyo.

Dada yako

*

29 Machi

Dada, shikamoo.

Nakuandikia asubuhi hii kwa sababu jana mkono haukutaka.

Kwa Seremala nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alinionyesha dirisha alilokuwa analichonga, akanieleza mbao zake kwa nusu saa. Mara ya pili Wakala ndiye aliyefungua mlango. "Mwalimu, mzee amepumzika. Kama ni habari ya historia, si ulishaandika?" Akacheka, akanipa kalenda ya bima.

Na mama nilimfanyisha mazoezi. Kwa jioni kumi. Nauliza, "Mama, shamba ni la nani?" Anajibu, "Letu." Mara nyingine anaongeza, "Hivi wewe shule wanakulipa kwa maswali kama haya?" Nikalala nikiwa na imani.

Jana walikaa hivi. Karani wa ofisi kwenye meza yangu, ubao nyuma yake una hesabu za kugawanya nilizosahau kufuta. Mama dawati la mbele, kavaa lile gauni la kijani ulilomletea. Seremala dawati la pili, upande wa dirisha, Wakala kando yake. Mimi nyuma. Watu wengine wamejaa madirishani.

Karani akasema, kwa adabu kabisa, "Mama, tunaomba utuambie, shamba namba kumi na saba ni la nani?"

Mama hakumtazama karani. Aligeuka kwenye dawati, taratibu, mpaka akamwona Seremala. Akasema, "Hapo ni kwa Fundi Saa."

Karani akaandika. Mama alikuwa bado amegeuka. Alikuwa anasubiri, Dada. Darasa zima kila mwenye umri wa kutosha alijua anasubiri nini. Maneno machache tu, yale ya jembe moja, Seremala kayasikia kwa baba yake maisha yake yote. Alikuwa anatazama viatu vyake. Wakala kamwekea mkono juu ya goti, kama mtu anayemshika mtoto asishuke kwenye kiti.

Mama akadhani hakusikia. Akasema tena, kwa sauti zaidi, "Mwanangu, nimesema hapo ni kwa baba yako."

Karani akapigia mstari.

Nikasimama. Nikasema kuna desturi hapa, nieleze. Karani akaniuliza, "Wewe ndiye mwandishi wa kijitabu hiki?" Nikasema ndiyo. "Ukurasa wa tisa uliuandika kwa hiari yako?" Nikasema ndiyo, lakini. Akasema, "Mwalimu, huwezi kuja hapa kujipinga mwenyewe. Keti." Nikaketi, kwenye darasa langu, kwenye dawati ambalo magoti hayaingii.

Mama ndiye aliyeanza kusema njiani. "Masikio yake yanaanza kuharibika, maskini. Ni zile mashine za mbao." Akatembea kidogo. "Au labda kuna sauti nyingi pale madirishani."



Mdogo wako

*

Ofisi ya Ardhi, Kitengo cha Uandikishaji
17 Aprili

Kwa wahusika wa shamba namba 17

YAH: UAMUZI

Ofisi imezingatia yafuatayo: jina la mahali kama linavyotumiwa na wakazi wote, maelezo ya kijitabu cha historia ya eneo, ukurasa wa 9, kilicholetwa ofisini na familia ya upande wa pili yenyewe, na kauli ya shahidi mkongwe wa upande huohuo, iliyotolewa mara mbili bila kushurutishwa. Baba wa mwombaji alikuwepo na hakutoa pingamizi.

Shamba limeandikishwa kwa jina la mwombaji. Wanaolitumia kwa sasa wanaruhusiwa kuvuna kilichopandwa msimu huu, kisha waliachie.

Rufaa itapokelewa ndani ya siku thelathini, ikiwa aliyetoa kauli ataikana kwa maandishi, kwa sahihi au kwa dole gumba.

Tunawatakia kazi njema.

Msajili Msaidizi

*

20 Aprili

Mwalimu,

Umepata nakala yao, najua. Mimi nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa. Inasema kitu kilekile.

Siku thelathini zinaisha tarehe 17 Mei. Barua yangu itakufikia tarehe 23 au 24, kurudisha karatasi ni siku nne, mimi kuipeleka ofisini siku moja. Una siku kumi na nane za kufanya kazi ya dakika moja.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi niliyoiandikisha kwa mwanasheria. Inasema mama alikuwa amechoka, hakuelewa swali, na kwamba shamba ni mali ya mume wake tangu lilipofunguliwa na hakuna mtu mwingine mwenye haki nalo. Chini nimepiga mstari wa dole gumba. Wino chukua ule wa muhuri wa shule.

Sasa nisikilize. Usimsomee. Ukimsomea atakataa, mimi na wewe tunamjua. Mwambie ni fomu ya dawa ya macho, ofisi ya hospitali inataka dole. Anaamini hospitali. Ni uongo, ndiyo, na nitaubeba mimi, wewe andika popote unapotaka kwamba ni wangu. Nilipoondoka nyumbani na sanduku moja lenye nguo tano hakuna aliyeniuliza kama nitabeba. Nilikwenda kukanyaga udongo kwenye karakana ya watu, leo karakana ni yangu na watu kumi na tisa wanakula hapo. Hakuna nilichopata kwa kuinamisha kichwa. Na sasa niambiwe mama ananyang'anywa ekari nne na robo kwa sababu ya heshima? Yeye kamheshimu, yule kamheshimu nani?

Dakika moja, Mwalimu. Shika mkono wake, bonyeza, funga bahasha.

Dada yako

*

2 Mei

Dada, shikamoo.

Karatasi nairudisha. Ukiifungua utaona ule mstari uko mtupu. Nataka usikie kwangu kabla hujaona.

Nilikaa na kile kikopo cha wino mfukoni siku nne. Suruali imeingia doa ambalo mke wangu anauliza habari zake mpaka leo. Siku ya tano nikamkuta mama kibarazani anachambua mbegu. Nikamwambia, mama, kuna fomu ya dawa. Akafuta kidole kwenye kanga, akaninyooshea, hivyohivyo, bila kuuliza. Akaendelea kuchambua kwa mkono wa pili.

Sikuweza. Nilikuwa nimeshakishika kidole. Kilikuwa kikavu kama ganda la karanga.

Nikamsomea yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada yako ameandika vizuri. Lakini mimi sikuchoka siku ile, na swali nililielewa."

"Mama, ulijua karani anauliza nini?"

"Nilijua. Mimi si mtoto. Lakini mtoto wa Fundi alikuwa amekaa pale mbele yangu. Nilimwachia nafasi yake aseme."

"Hakusema."

"Hakusema."

Nikamwambia, basi mama, bado kuna njia, weka dole. Akaishika karatasi, akanirudishia. "Hapa imeandikwa hakuna mtu mwingine. Siku ile baba yako alikuwa na homa, hata jembe kulinyanyua hawezi. Fundi alipiga jembe la kwanza, halafu hakuondoka. Alilima siku tisa. Nilikuwa na dada yako mgongoni, namwona. Leo niweke kidole kwamba hakuwepo?"

Nikasema haisemi hakuwepo, inasema tu shamba ni letu. Akasema ni hivyohivyo.

Habari ya siku tisa nilikuwa siijui. Miaka sita nimewauliza watu wa nje, yeye sikumuuliza, nilidhani najua ya nyumbani.

Nikajaribu kwa hasira. Nikamuuliza kama haoni kwamba yule mzee amemwibia kwa kukaa kimya. Akanijibu kwa upole ulioniuma zaidi, "Anajua. Hapiti tena njia yetu. Anazunguka kule kwenye mtaro, mzee wa watu, na goti lile." Halafu akaniuliza kama mbegu hizi zitatosha mistari yote ya chini.

Wakala alikuja Jumatatu na watu wawili, wamepigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kwenye pembe nne na kuzungusha kamba. Mama kapanda mpaka ilipo kamba. Tulipewa msimu huu mmoja, anasema, na msimu haungoji.

Kama unataka kuja kumshika mkono mwenyewe, siku bado zipo kumi na tano. Mimi nimeshindwa. Sijui kama naomba msamaha au natoa taarifa.

Mdogo wako

*

3 Juni

Mwalimu,

Tarehe 17 ilipita na mimi niko karakanani. Nilikuwa nimejaza mafuta gari tangu tarehe 14. Kila asubuhi nilijiambia nikimaliza oda hii naondoka, na oda haziishi, wewe unajua, au mimi ndiye niliyekuwa naziongeza.

Nakuandikia kitu ambacho mama asikijue.

Nilikuja. Jumamosi, juzi. Sikuja kwa ajili ya rufaa, hiyo imekufa. Nilikuja kwa ajili ya Seremala. Katika zile saa saba za barabarani nilipanga mambo manane ya kumwambia, kwa mpangilio, la mwisho likiwa zito kuliko yote. Nilitaka ayasikie mbele ya mama, mbele ya mwanawe, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Nikasimamisha gari kule juu, barabara inapopinda, ambapo unaliona shamba lote.

Mama alikuwa anapalilia. Nimemtambua kwa namna anavyoinama, mguu mmoja mbele. Alikuwa peke yake upande wa chini, amemaliza mistari ishirini na mmoja.

Upande wa juu kulikuwa na mtu mwingine ana jembe. Nilidhani ni kibarua wa Wakala, nikashuka kwenye gari hasira zikiwa zimeshanipanda. Halafu akasimama kunyoosha goti. Alikuwa Seremala. Anapalilia mahindi ya mama kutokea juu kushuka. Huku nyuma yake mistari tisa safi kabisa, ya seremala kweli, imenyooka kama imepigwa rula.

Hawakuwa wanazungumza. Walikuwa mbali, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Mama anapanda mlima, yeye anashuka, mstari kwa mstari. Nikajiuliza ameanza lini, kama ni siku ya kwanza au ya kumi, kama wewe unajua hukuniambia, kama mama amemkaribisha au amemkuta tu. Na kwamba anapalilia haibadilishi kitu. Nimehesabu kila njia. Mwezi wa nane mnavuna, vigingi vinabaki, jina kwenye daftari la ofisi ni la yule mwenye viatu vya ncha, na yeye babaye hawezi kumfanya aliandike upya kama mimi nisivyoweza.

Nikayatafuta yale mambo manane. Nililikumbuka la tatu tu, nalo lilikuwa la kitoto.

Nilikaa pale kama saa nzima, mlango wa gari wazi. Katikati yao ilikuwa imebaki mistari kumi na minne. Kwa mwendo ule wangekutana kabla ya jua kali. Sikujua mama atasema nini wakifika, wala yeye atajibu nini, na nikaona kwamba wakinyamaza sitaweza kuvumilia, na wakisema sitaweza vilevile.

Ilipobaki mistari kumi na mmoja niligeuza gari.

Dada yako